Kompyuta ya Chumba cha Masikio

Mpimaji wa masikio alikuwa na mazoea ya kuwasha kompyuta kabla hata hajautua mkoba, kwa sababu mashine ile ilichelewa kuamka, na wagonjwa hawakupenda kumkuta amekaa akiitazama. Asubuhi hiyo aliiwasha, akafungua dirisha, akapangusa meza, ndipo akaketi. Skrini ilikuwa imeshaleta picha yake ya mlima, na chini ya mlima kale kasanduku kanakodai neno la siri. Akagusa kibodi. Kimya. Akasukuma kipanya. Mshale ulikuwa umesimama katikati ya mlima, haupandi wala haushuki.

Alikigeuza kipanya tumbo juu. Ile taa nyekundu ya chini ilikuwa imezimika.

"Haya, tumeanza," alisema, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Alifanya anachofanya kila mtu. Alichomoa waya wa kipanya, akaupuliza, akauchomeka tena. Akauhamisha tundu. Hilo la pili pia halikutaka. Sipiyu yenyewe ilikaa chini ya meza, uso umeelekea kwenye miguu yake na mgongo umeegemea ukuta, na nyaya zote zilikuwa huko nyuma zimeviringana kama utumbo. Ikabidi apige magoti, aingie chini kwa mikono, apapase tundu moja baada ya jingine. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Akachomoa kila kilichokuwa na waya wa USB, printa, kipanya, kibodi, mpaka kile kiboksi chake cha kazi, kisha akarudisha kipanya peke yake na kuizima mashine kwa kushikilia kitufe. Alipoiwasha upya, taa ya kipanya ikawaka. Akashusha pumzi. Kabla mlima haujatokea, taa ikazima.

Hilo lilimuudhi kuliko kama isingewaka kabisa. Mtu akikuambia hapana tangu mwanzo, unajua pa kuelekea.

Bila yale matundu, kazi ilikuwa imelala. Kurekebisha mashine za masikio, vile vidude ambavyo mzee huvaa nyuma ya sikio ili asikie, si kazi ya bisibisi. Kidude huunganishwa kwa waya kwenye kiboksi, kiboksi huchomekwa kwenye tundu la USB, na mengine yote hufanyika ndani ya kompyuta: sauti nyembamba ziongezwe, kelele za vyombo zipunguzwe, ule mluzi unaokera unyamazishwe. Kiboksi kile sasa kilikuwa mezani na taa yake imekufa, na nje kwenye benchi watu walikuwa wameshaanza kukaa.

Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja ambaye huhitaji kumwona ili ujue amefika. Maisha yake yote aliendesha msumeno mkubwa katika kiwanda cha kupasua mbao, na ule msumeno ulimla masikio yote mawili, ukamwachia sauti ya mtu anayezungumza huku mashine inanguruma. Mtaani kwake walimwita Msumeno, na mwenyewe alilipenda jina hilo.

"Hawa watu wanafungua saa ngapi?" alikuwa akimuuliza mkewe, na mtaa mzima ukamsikia.

Mkewe alimwonyesha kwa mkono kwamba wamefungua, atulie.

"Mimi nimetulia. Wao ndio hawajatulia. Huyu dada ameingia chini ya meza tangu tumefika. Amepoteza nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Mpimaji alirudi nyuma, akagonga kichwa kwenye ubao wa meza, akatoka akijifuta magoti. Alimwamkia mzee kwa mkono, maana kwa mdomo ni kazi bure, akamwamkia na mama, kisha akaufunga mlango na kumpigia fundi simu.

Fundi wa kompyuta alikaa makao makuu, upande wa pili wa mji. Kituoni walimwita Zima-Washa, si mbele yake.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?" aliuliza.

"Nimeizima na kuiwasha mpaka kitufe kimepata moto."

"Sawa. Basi nenda pale kona ya chini, kushoto, halafu ubonyeze."

"Nibonyeze kwa kitu gani?"

"Kwa kipanya, dada yangu."

"Kaka, kipanya ndicho nilichokupigia."

"Aa. Basi achana na kipanya, tumia kibodi. Shikilia kile kitufe chenye..."

"Kibodi nayo imekufa. Nilikwambia tangu mwanzo. Chochote kinachoingia kwenye tundu la USB kimekufa."

Alimsikia akinywa chai, ile ya kuvuta juu juu kwa kuwa bado ya moto.

"Basi usihangaike," alisema hatimaye kwa sauti ya mtu aliyepata. "Nitaingia mwenyewe kutoka huku. Kitatokea kisanduku kwenye skrini yako, wewe kubali tu."

Kisanduku kikatokea kweli. Kiliuliza kwa adabu kama anamruhusu mtu wa makao makuu kuitumia kompyuta hii, na chini yake kulikuwa na maneno mawili, Ndiyo na Hapana.

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Bonyeza Ndiyo."

"Kwa kidole?"

Zima-Washa akacheka kidogo, halafu akaona anacheka peke yake, akaacha. Akamwambia achomoe waya wa umeme kabisa ukutani, kisha ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka umeme uliobaki ndani uishe, aache mashine ipumzike, ndipo arudishe. Mara nyingi, alisema, huwa ni hicho tu. Mpimaji akaingia tena chini ya meza. Soketi ilikuwa nyuma ya kabati, na kabati lilijaa mafaili ya wagonjwa wa zamani, kwa hiyo kwanza alilisukuma kabati. Akashikilia kitufe, akaiacha mashine ipumzike, naye akapumzika pale pale sakafuni ameegemea mguu wa meza, akitazama vumbi lililokuwa limekaa chini ya kabati kwa muda wote huo bila kusumbuliwa na mtu.

Aliporudisha umeme na kuiwasha, taa ya kipanya ikawaka, kisha ikazima.

"Imezima tena," alisema kwenye simu.

"Basi hiyo madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekwenda," alisema Zima-Washa. "Pole sana. Ifunge vizuri uilete huku, nitaitazama wiki ijayo. Au inayofuata, maana wiki ijayo nina mafunzo."

"Na wagonjwa niwafanyeje?"

"Waambie mtandao uko chini."

"Mtandao hauko chini."

"Wao hawajui."

Mpimaji alikata simu kabla hajasema la kumharibia siku. Alikaa akaitazama ile skrini. Mlima ulikuwa umerudi, na kasanduku bado kanadai neno la siri. Neno analijua, vidole anavyo, kompyuta inawaka, na bado hakuna njia ya kuliingiza. Alitamani kuipiga kofi, na kusema kweli aliipiga, lakini dogo.

Ndipo mlango ukagongwa kwa vidole viwili na mke wa mzee Msumeno akachungulia.

"Mwanangu, naweza kuingia kidogo? Peke yangu."

Aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akabaki amesimama na pochi yake ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyevaa kwa uangalifu kama mtu anayekwenda ofisi ya serikali.

"Nasikia mashine imegoma."

"Imegoma, mama. Nilikuwa natoka kuwaambia. Pengine itabidi mrudi siku nyingine."

"Siku nyingine hatakuja," alisema yule mama. "Humjui huyu. Hizi mashine za masikio walimfungia hospitali nyingine, wakaziweka kali mno. Kijiko kikianguka, kwake ni bati limeanguka kutoka darini. Akazivua, akazitia mfuko wa shati, na humo mfukoni zinapiga mluzi mchana kutwa, ila yeye haoni taabu, hausikii. Ninayeusikia ni mimi. Leo nimembembeleza kama mtoto mchanga mpaka akakubali. Akirudi nyumbani hivi hivi, zimekwisha hizo."

"Naelewa, mama. Lakini kompyuta..."

"Bado sijasema nililokuja kusema." Akakaa. "Jumatatu nalazwa. Nina uvimbe, hapa." Hakugusa kifua, aliinamisha kidevu tu kuelekea upande wa kushoto. "Wanaukata. Wamesema wameuwahi, huenda mambo yakawa mazuri. Yeye hajui. Kila nikienda kupimwa nilimwambia nakwenda kwa dada yangu."

"Kwa nini hujamwambia?"

"Nitamwambiaje? Ili asikie mimi lazima nipige kelele. Nyumba yetu imebanana na za watu, ukuta ni huo huo mmoja. Sasa nisimame uani nipaze sauti kwamba nakatwa titi?"

"Umwandikie, basi."

"Akishika karatasi anaisoma kwa sauti. Tangu ujana wake, hata risiti anaisoma kwa sauti. Na unaijua sauti yenyewe." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nataka nimwambie polepole, mwanangu. Mara moja tu. Kama watu wanavyoambiana."

Kutoka nje ikaja sauti ya mumewe akimweleza jirani yake wa benchi bei ya mbao za siku zile.

"Nipe muda kidogo, mama," alisema mpimaji.

Hakuwa na mpango wowote. Alipita tu kwenye korido akienda mapokezi kuomba kompyuta nyingine, akijua jibu: ya mapokezi haina programu za masikio, na kuziweka kunahitaji ruhusa ya makao makuu, na ruhusa ya makao makuu inamhitaji Zima-Washa. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Akasimama. Alikumbuka kuona, siku ile wanatafuta feni, kibodi ya zamani, ya zile zenye plagi ya duara. Na nyuma ya sipiyu, alipokuwa akipapasa, kidole chake kilikuwa kimepita kwenye tundu la duara la rangi ya zambarau ambalo hakuna aliyelitumia.

Stoo ilikuwa stoo kwelikweli. Viti vilivyokatika miguu, mabango ya mikutano iliyokwisha zamani, feni isiyo na mapanga. Kibodi aliikuta chini ya vyote hivyo, imegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, na herufi kadhaa zimefutika. Aliipigapiga kwenye paja, makombo yakamwagika, akarudi nayo mbio mbio chumbani.

Plagi ya duara ina vijisindano, na vijisindano havitaki ubabe. Ukikosea vinapinda. Alilala kwa ubavu chini ya meza, akaizungusha taratibu mpaka ikakaa, akawasha mashine. Taa za kibodi zikawaka. Mlima ulipokuja zilikuwa bado zinawaka. Akaandika neno la siri, akikisia zilizofutika, akakosea, akaandika tena.

Kompyuta ikamfungulia.

Hakushangilia. Kibodi imepatikana, lakini kiboksi cha kazi hakina plagi ya duara. Ila sasa angalau alikuwa ndani, na huko ndani, kwenye kona ya skrini, kulikuwa na ujumbe ambao pengine ulikuwa ukimsubiri tangu asubuhi: kuna tundu la USB linalovuta umeme kupita kiasi, na matundu yote yamezimwa ili yasiungue.

Akampigia tena Zima-Washa na kumsomea.

"Soma tena," alisema Zima-Washa. Chai ilikuwa imewekwa chini, sauti yake ilijulisha. "Aa. Basi haijafa hiyo. Inajilinda. Kuna tundu linapiga shoti, na hizi mashine likipiga moja inazima yote. Chomoa kila kitu."

"Nimechomoa kila kitu, sasa hivi hata kipanya."

"Haiwezekani. Shoti haipigwi na hewa."

"Kaka, niko chini ya meza, nayaona kwa macho. Ni matupu."

"Basi mimi sielewi."

"Basi tuko wawili."

Hapo mlango ukafunguliwa bila kugongwa, na miguu ya suruali iliyopigwa pasi ikasimama mbele yake. Ilikuwa ya daktari mkuu wa kituo.

"Mbona foleni imefika nje?" aliuliza kutoka juu. "Na unatafuta nini huko?"

Mpimaji alimweleza akiwa amelala vilevile, maana alishachoka kuingia na kutoka. Daktari mkuu alisikiliza mikono ikiwa nyuma.

"Hili nimelisema kila kikao," alisema. "Vifaa hivi ni vya kutunzwa. Watu wanachomeka vitu hovyo hovyo, simu, flashi za miziki, kila mtu anajichomekea. Halafu kikiharibika, daktari mkuu atafute kingine. Nitafute wapi?"

"Hapa hakuna anayechomeka simu, daktari. Hiki chumba nakifunga."

"Sizungumzii wewe, nazungumza kwa jumla. Hata hilo tundu la mbele siku hizi limekaza. Jana jioni umeme ulikatika kule kwangu, nikaja kuchaji simu kidogo hapa kwako kwa ule ufunguo wa akiba, ikabidi niusukume waya mpaka ukakubali. Na kuutoa nako kukawa kazi."

Mpimaji alitoa kichwa chini ya meza akamtazama.

"Uliusukuma."

"Kidogo tu."

"Nani huyo anayeongea?" aliuliza Zima-Washa kwenye simu.

"Daktari mkuu."

"Mwambie waya wa simu hausukumwi, ukikataa unageuzwa upande wa..."

"Mwambie mwenyewe," alisema mpimaji, akampa daktari mkuu simu na kufungua droo.

Ndani ya droo kulikuwa na ile kurunzi yake ndogo ya kuchungulia ndani ya masikio, yenye mdomo mwembamba na kioo cha kukuzia. Alipiga magoti mbele ya sipiyu, akaweka mdomo wa kurunzi kwenye tundu la mbele, akafumba jicho moja. Kila siku alifanya hivyo kwenye masikio ya watu, na aliona nta, na pamba, na mara moja mdudu aliye hai. Hapa aliona ule ulimi wa plastiki wa ndani umepinda ubavu, na juu yake, kimelala kukingama vile vipande vya shaba, kibanzi chembamba cha bati kinachometameta.

"Daktari, waya wako wa simu unao?"

Daktari mkuu, bado na simu sikioni akisema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, alitoa waya mfukoni. Kichwa chake kilikuwa na ukingo mmoja uliomeguka. Aliugeuza huku na huku.

"Nilidhani waliuuza hivi," alisema.

Mpimaji alikuwa na mengi ya kusema, na alijua kwamba akianza hatamaliza kabla ya chakula cha mchana, na yule mama yuko kwenye benchi. Alichomoa waya wa umeme ukutani, akatwaa koleo yake nyembamba kuliko zote, ile ya kutolea shanga na punje za mahindi kwenye masikio ya watoto, akashikilia pumzi. Kibanzi kilikataa. Kiliteleza, kikageuka, kikajificha nyuma ya ulimi, naye akakifuata huko huko akikisemesha kwa maneno ambayo daktari mkuu alijifanya hajayasikia. Mwishowe kikatoka. Ulikuwa uchafu mdogo kiasi kwamba ungekuwa kwenye sahani ungeula bila kujua. Kisha akaurudisha ulimi katikati kwa ncha ya koleo, pole pole, na tundu lile akaliziba kwa plasta, mbili zikipishana, ili asije mtu akalisukuma tena.

Akarudisha kipanya na umeme. Akawasha. Taa ya kipanya ikawaka, na safari hii hakushusha pumzi. Alikaa akiitazama mpaka mlima ukaja. Taa ilikuwa bado ipo. Akasukuma kipanya, na mshale ukapanda mlima.

"Vipi?" Zima-Washa alikuwa akiuliza kwenye simu, maana daktari mkuu alikuwa ameirudisha mezani na kuondoka kimya.

"Imekubali."

"Unaona? Mimi nilijua tu si madabodi."

"Asante, kaka," alisema mpimaji, akakata.

Alimwita mzee Msumeno na mkewe. Mzee aliingia akiuliza kwa sauti kama dada amekipata alichokuwa anakitafuta chini ya meza, na alipooneshwa kwa kichwa kwamba ndiyo, akasema vizuri, vitu vidogo ndivyo vinavyosumbua. Akatoa zile mashine kwenye mfuko wa shati, zinalia ule mluzi, akaziweka kwenye kiganja cha mpimaji kana kwamba anamkabidhi vifaranga wawili wakorofi.

Kiboksi kiliporudishwa kwenye tundu, kikawaka taa ya kijani. Mpimaji alimvika mzee mashine zote mbili, akapima, akashusha, akapandisha. Mzee alikunja uso mwanzoni, akiwa tayari kuumia. Mpimaji akapunguza mlio wa vyombo, akausaka mluzi mpaka akaupata, akaunyamazisha. Aliongeza zile sauti nyembamba ambazo ndizo hubeba maneno, kidogo, kisha kidogo tena, na kila mara alimtazama usoni kuliko alivyotazama skrini. Nje mtu alikohoa. Mzee akageuza kichwa mlangoni.

"Unanisikiaje, baba?" mpimaji aliuliza kwa sauti yake ya kawaida.

"Nakusikia," mzee alijibu kwa kishindo, kisha akashtuka, akashika kifua. "Nani amepiga kelele?"

"Ni wewe mwenyewe," alisema mkewe.

Mzee alimgeukia polepole. "Sema tena."

"Nimesema ni wewe mwenyewe unayepiga kelele. Siku zote ni wewe."

"Mbona hukuniambia?"

Mkewe alimtazama mpimaji kama mtu anayeomba shahidi. Kisha akauliza kama kile chumba kidogo cha kioo pale pembeni, cha kupimia usikivu, kinaweza kuwapa nafasi ya dakika chache. Mpimaji akawafungulia. Kilikuwa chumba chenye kuta nene zilizofunikwa sponji, kiti kimoja na stuli moja, na mlango mzito kama wa friji kubwa. Sauti haiingii, sauti haitoki.

Aliwageuzia kisogo kwa heshima, akajifanya anaandika. Lakini kioo cha chumba kile kilionekana kwenye skrini kwa kuakisi, juu ya mlima, na hakuweza kujizuia. Aliona mama anazungumza, bila mikono, bila kunyoosha shingo, mdomo ukifunguka kidogo tu kama watu wanavyozungumza mezani. Aliona mgongo wa mzee. Kwa muda mrefu mgongo haukusogea. Halafu mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akainua mkono kuelekea sikioni, na mpimaji akadhani anaitoa mashine, hataki kusikia zaidi. Hakuitoa. Aliibana tu iingie vizuri, akausogeza uso karibu na wa mkewe, akaendelea kusikiliza.

Walipotoka, macho ya mama yalikuwa mekundu na ya mzee yalikuwa makavu, lakini kofia alikuwa ameivaa kinyume, na hakujua.

"Dada," alisema, na ilikuwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, ya mtu anayeendesha gari asilolizoea. "Betri za hivi vitu zinakaa muda gani?"

"Wiki moja hivi, baba, ukizifungua usiku."

"Usiku sitazifungua. Jumatatu niko hospitali. Madaktari wakisema jambo, nataka nilisikie mimi, nisije nikaambiwa nusu." Akamtupia mkewe jicho. "Kwa dada yako, eti. Na mimi nikakufungia na maparachichi umpelekee."

"Niliyala njiani," alisema mkewe.

"Uliyala njiani." Akatikisa kichwa. "Na ulikuwa unakwenda peke yako huko?"

"Peke yangu."

"Hilo tutalizungumza nyumbani."

Mpimaji alifungua kabati lile aliloliacha limesimama upande, akatoa pakiti za betri, akamwongezea na nyingine, akamwonyesha mkewe namna ya kubandua kile kikaratasi na kuacha betri ipate hewa kabla ya kuiweka. Mzee alizipokea akazitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo chake. Mama akampa mpimaji mkono, akaushikilia kidogo kuliko ilivyo kawaida, akasema ahsante, mwanangu, basi.

Waliondoka. Kupitia dirishani aliwaona wakivuka uwanja wa kituo kuelekea getini. Mzee alikuwa amembebea mkewe pochi, ameining'iniza mkononi bila kuona aibu, na walikuwa wanagombana. Hilo alilijua kwa jinsi mama alivyokuwa akisimama kila hatua kadhaa kumjibu, na mzee akimsubiri amalize. Maneno yenyewe hayakumfikia. Walizungumza kwa sauti ndogo mno.

Alilirudisha kabati ukutani, akajipangusa vumbi la magoti, akaenda mlangoni kumwita anayefuata.